Majina

Kwetu Katuba mtoto hapewi jina, hurudishiwa.
Nilipozaliwa, nyanya alinikagua sikio la kushoto,
akaona kitundu ambacho hakuna sindano iliyokitoboa,
akasema: Kabedi huyu. Karudi.
Mpeni maji, katoka mbali.

Kabedi alikuwa mdogo wake.
Aliondoka mwaka ule wa treni,
watu wamelala stesheni na magodoro, masufuria, cherehani,
wakingoja mabehewa ya kuwapeleka "kwao",
mahali ambako wengi wao hawajawahi kunywa maji.
Homa ilimshukia kabla ya Kamina.
Alikuwa na miaka kumi na tisa
na viatu vya kuazima.

Nawe, Numbi, umebeba jina la baba yako mkubwa,
yule wa tanuruni, aliyekwenda stesheni kila Jumamosi
na shati la pasi, kuuliza treni ya kurudi,
hadi mkuu wa stesheni akamwekea kiti.
Alifia kitini.
Kiti kipo.

Kwa hiyo siku uliyokuja kuazima daftari langu la kemia
nyanya aliuacha mwiko uzame ndani ya bukari.
"Umechelewa, shemeji," alikuambia.
Ukacheka. Mimi sikucheka:
mkono wangu ulikuwa umeshafika kifuani pako,
unakufunga kifungo cha pili,
kama kazi yake ya miaka yote,
kama mimi ni mpangaji tu wa mkono huo.

Tangu hapo unasema unakumbuka.
Unakumbuka mvua ya mawe, baiskeli isiyo na breki,
na nilivyokula finkubala nikiwatupa vichwa.
Naapa, Numbi, mimi sikumbuki kitu.
Nimejaribu. Nililala na kitambaa chake chini ya mto,
nikaota mtihani.

Usiku mwingine namwonea wivu
msichana aliyekufa mama yangu aking'oka meno ya utoto.
Unaponishika, unamshika nani?
Walikopeshana wao;
mbona tulipe sisi?

Nilimuuliza baba. Baba hapendi maswali ya namna hiyo.
Alikuwa akitupia vipande vya waya kwenye chungu cha kuyeyushia,
uani, moshi wa kijani ukimwuma macho.
"Waya huu ulikuwa sufuria," alisema.
"Sufuria, labda, ilikuwa msalaba
wa wakati ule mahari ililipwa kwa misalaba ya shaba.
Shaba haikumbuki."
Akanipa kipande kilichopoa, akaweka na msumari kando yake juani.
"Shika vyote viwili. Kipi kimepata moto kwanza?"
Kisha akarudi kwenye kazi yake,
hakungoja jibu.

Basi sikiliza sharti langu.
Usinisimulie tena tulivyokuwa.
Ile baiskeli iache ilipoangukia.
Nikosee kwa makosa mapya:
sahau siku yangu ya kuzaliwa, ambayo yeye hakuwa nayo,
niambie sauti yangu inakwaruza nikiimba,
nune nikikushinda kemia,
maana nitakushinda.
Kama tulishapendana, vizuri, mizizi ipo;
lakini mzizi haunukii,
na mimi nina miaka kumi na saba, nataka kunusa.
Nimekutafutia jina la faraghani.
Halina kaburi popote, nimeulizia.

Jumamosi twende stesheni.
Si kungoja.
Tukipokezane kile kiti,
mmoja akae, mmoja asimame relini,
tumenye karanga, tuache maganda chini
mkuu wa stesheni agombe.
Treni ikija, ije.
Isipokuja, tutarudi kwa miguu,
vumbi jekundu hadi magotini,
na ukiona mkono wangu unakufunga tena kifungo
usiseme kitu, Numbi.
Jifanye ni baridi.